Jumatatu ya Sufuria

Kabla ya mwili wa Mzee Barasa kusafirishwa kwao Bungoma, tulikutana jioni nne mfululizo nyumbani kwa bintiye, mtaa wa Woodley hapa Nairobi, kuimba na kuomba. Jioni ya mwisho mwenye kuongoza ratiba akaniita niseme neno kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu, akaninong'oneza kwamba nina dakika tatu. Nikasimama na mkongojo wangu, nikasema Barasa alikuwa mpole, mcheshi, mtu wa watu. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Barasa alikuwa mkali, alicheka labda mara mbili kwa mwaka, na watu aliwapenda mmoja mmoja, tena baada ya kuwachunguza sana. Lakini ukipewa dakika tatu utasema nini? Nilirudi kitini nimejikasirikia. Alichonifanyia kilichukua nusu mwaka, na nusu mwaka hausemwi watu wakitazama saa. Basi nimekaa niuandike. Ya ukoo wangu, ya shule, na ya jinsi nilivyofika Nairobi nayaruka, kwa maana hayatofautiani sana na ya wenzangu wa Kitui waliokuja mjini miaka ile ya sitini. Inatosha kujua kwamba jina langu ni Ndunge, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilikuwa na kazi niliyoipenda kuliko kitu chochote duniani.

Maabara yetu ilikuwa katikati ya mji, nyuma ya zahanati ambayo siku hizi haipo tena. Ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye madirisha upande wa kaskazini, meza ya mbao iliyoungua hapa na pale kwa dawa, na mwishoni ofisi ya Daktari, iliyotengwa na sisi kwa ukuta wa mbao nyembamba hivi kwamba tulijua akikohoa, akimwaga chai, akimwandikia mkewe barua kwa mashine. Kazi yetu kubwa ilikuwa kupima damu za kina mama wajawazito. Chupa zilikuja kwa masanduku kutoka kila pembe ya nchi, na sisi tulitafuta kaswende. Damu ikiachwa igande, kisha ikazungushwa kwa mashine, juu yake hubaki maji ya rangi ya majani makavu. Hayo maji ndiyo seramu, na humo ndimo mwili unamoweka kumbukumbu ya maradhi uliyopigana nayo. Tuliipasha moto kwa nusu saa kwenye beseni la maji, tukadondosha tone moja juu ya kioo, tone la dawa juu yake, tukatikisa kwa dakika nne, tukatazama kwa hadubini. Ikiwa safi, unaona chembe zimetapakaa sawasawa. Ikiwa si safi, chembe zinashikana vidongevidonge, kama unga uliotiwa maji na mtu mvivu wa kukoroga. Hapo tulisema damu imeitika, tukaandika alama ya kujumlisha kwenye daftari. Mimi nilikuwa na jicho. Hata Barasa, fundi mkuu, ambaye sifa kwake zilitoka kama jino, alikubali kwamba nilikuwa na jicho.

Sasa, ili ujue kwamba dawa haijaharibika, kila asubuhi ni lazima uijaribu kwanza kwa seramu ambayo unajua ni safi. Seramu ya namna hiyo iliagizwa Ulaya, ikafika ikiwa imechelewa miezi, mara nyingine chupa zimepasuka. Barasa akachoka kungoja. Akaamua kwamba tutatengeneza yetu kwa damu zetu wenyewe. Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi wafanyakazi walikuja hawajatia kitu kinywani, kwa sababu mafuta ya chakula hugeuza seramu ikawa kama maziwa, na kila mtu akatoa damu. Seramu zote zilichanganywa kwenye chupa moja kubwa yenye shingo nyembamba, ambayo kwa sababu nisizozijua iliitwa sufuria. Baada ya hapo kulikuwa na chai ya maziwa, mkate na mayai ya kukaanga kwenye jiko dogo la maabara, jambo lililokatazwa na kila kanuni. Mgeni wa kazi hakuruhusiwa kuchangia sufuria. Alikunywa chai tu, akatazama wenzake wakikunja mikono ya mashati. Kanuni ilisema pia kwamba kila damu ipimwe peke yake kabla ya kuchanganywa, lakini hiyo hawakuifuata. Walikuwa watu walewale miaka mingi, wakisali pamoja, wakizikiana. "Sisi tunajuana," alisema Odera, mwenzetu wa meza ya pili, ambaye ndiye aliyekuwa na kazi ya kuchanganya. "Unapima ndugu yako ya nini?"

Mwezi wa sita, baada ya miezi kumi ya kunywa chai bila kuifanyia kazi, nikamwambia Barasa nataka kuchangia. Akanitazama juu ya miwani. "Unafikiri ni heshima?" Nikasema ndiyo, ni heshima. Akanifunga mkono mpira, akatoa damu yangu yeye mwenyewe. Sijawahi kula mayai matamu kama yale. Kesho yake asubuhi Odera alijaribu dawa kwa sufuria mpya, akaita, "Mzee, hii dawa imekufa." Wakafungua dawa nyingine, na hiyo pia ikaonyesha vidonge. Ya tatu vilevile. Kina mama mia hivi walikuwa wakingoja majibu yao, na kazi yote ilisimama. Ndipo Barasa akasema kwa sauti ya chini kwamba dawa haina kosa, kosa liko kwenye sufuria, na kila mtu atapimwa peke yake. Tulikuwa wanne. Damu tatu zilikuwa safi. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa kwenye hadubini kioo cha nne, cha damu yangu, kilipowekwa, na kwa vile nilikuwa na jicho, sikuhitaji kuambiwa.

Barasa aliitwa ofisini, nasi tulibaki tukijifanya tunaosha vioo. Daktari alikuwa Mzungu aliyebaki baada ya Uhuru, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Wazungu wa mashambani. "Yeye hapana kaa kwa meza tena," tulimsikia. "Yeye nafanya kazi ya kuosha chupa. Na ile mtihani ya mwisho wa mwaka, hapana."

"Daktari, damu imeitika," alisema Barasa. "Lakini damu haisemi ni kwa nini."

"Kwa nini? Msichana ya mji. Mimi najua kwa nini."

Nilifungua mlango bila kubisha. Nikasema mbele ya wanaume wawili, na mlango nyuma yangu ukiwa wazi, kwamba sijawahi kulala na mwanamume. Hadi leo nikikumbuka uso unanichoma. Sioni aibu ya neno lenyewe. Naona hasira kwamba niliona ni lazima nilitoe. Daktari alitazama kalamu yake. Alisema nitadungwa sindano za penisilini, nitafanya kazi ya chupa, na mwisho wa mwaka ataamua kama nibaki au nirudi kwetu. Mtihani ule ndio uliokuwa ukimfanya mtu kuwa fundi wa maabara kamili. Bila huo ningekuwa mwoshaji chupa mwenye jicho zuri. Nilipotoka Odera alikuwa kwenye bomba, akaniambia kwa huruma ya kinafiki, "Pole, dada. Lakini lisemwalo lipo."

Chumba cha chupa kilikuwa na sinki mbili za saruji na dirisha lililotazama ukuta. Saa saba mchana Barasa aliingia na kikombe chake cha chai, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia nimwonyeshe miguu. Nilidhani amerukwa na akili. "Miguu, Ndunge. Muundi." Nikaivuta sketi mpaka magotini. Kwenye muundi wa kushoto nina kovu, pana, laini, linalong'aa, na nyumbani niliambiwa tangu utotoni kwamba niliangukia jikoni nikaungua. Barasa aliinama, akalitazama kama anavyotazama kioo. "Huu si moto," alisema. "Kabla ya kuja hapa nilizunguka na watu wa sindano wa serikali huko kwenu, mimi ndiye nilikuwa nachemsha sindano. Watoto walikuwa wanapangwa laini, vidonda miguu mzima. Hii ni buba." Buba, akanieleza, si ugonjwa wa kitandani. Ni ugonjwa wa watoto wanaocheza pamoja, ngozi kwa ngozi. Lakini vijidudu vyake na vya kaswende ni watoto wa mama mmoja, na seramu haiwezi kuwatenganisha. Mtu aliyeugua buba akiwa na miaka mitano, akapona, damu yake inaweza kuitika mpaka azeeke.

Nikaruka pale pale niende kwa Daktari. "Kaa chini," alisema. "Utamwambia nini? Kovu? Atasema ni moto, kama mama yako." Kisha akanieleza la kufanya, na nakumbuka alikuwa anahesabu kwa vidole vilivyobabuka kwa dawa. Sindano nizikubali, nisibishane. Lakini kila Jumatatu ya sufuria, wengine wakishamaliza, yeye atatoa damu yangu, tutatenga seramu, tutaigandisha kwa barafu, na chupa ile ya mwezi wa sita tutaihifadhi pia. Seramu huzimuliwa nusu kwa nusu, mara mbili, mara nne, mara nane, kuona inaitika mpaka wapi. Yangu iliitika mpaka mara nne, ikanyamaza. Kaswende mpya ikipata penisilini hushuka mwezi kwa mwezi. Buba ya zamani haijali. "Ikishuka, Daktari ana haki, na mimi nitakuwa wa kwanza kukwambia," alisema Barasa. "Isiposhuka, tutaziweka zote mezani siku moja, dawa moja, na yeye mwenyewe atazame." Nikamwuliza kwa nini ananisaidia. Akaonekana kuudhika. "Nasaidia seramu," akasema, akaenda zake na kikombe.

Nilikuwa napanga chumba Woodley, kwa mama mmoja wa Magharibi aliyeitwa Roda, mjane, mpishi hodari, mwimbaji wa kwaya. Tulikula pamoja jikoni kwake: ugali, mboga ya mrenda, siku njema samaki wadogo wa omena, na chai ya jioni kwenye vikombe vya bati vyenye maua. Wiki mbili baada ya kuhamishiwa chupa niliona chai yangu imetiwa kwenye kikombe cha buluu, cha peke yake, kilichomenyeka ukingoni. Sikuuliza. Jumapili moja nilibaki chumbani na mafua, Roda akarudi kutoka kanisani na mwenzake, wakaketi barazani chini ya dirisha langu. "Mke wa Odera ndiye aliniambia," alisema Roda. "Ati ako na ule ugonjwa mbaya. Na vile anakaa mtulivu!" Yule mwingine akauliza mbona hamfukuzi. "Nitamfukuza aje? Ni mtoto ya watu. Nimempatia kikombe yake." Nililala kitandani nikiuma blanketi. Ningeweza kuhama, nafasi zilikuwepo upande wa Dagoretti Corner, lakini nikasema moyoni kwamba kuhama ni kukiri. Jioni ile nilitoka, nikasalimia, nikachukua kikombe cha buluu kwa mkono wangu, nikamwambia aniongeze chai. Nilikunywa kwa kikombe kile mpaka siku niliyohama, miaka miwili baadaye, hata alipojaribu kuninyang'anya.

Chupa niliziosha vizuri. Nalisema hili kwa majivuno. Mtu akikushusha, kazi ya chini aliyokupa ifanye hata akose pa kushika. Kila chupa niliisuuza mara sita, mara ya mwisho kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa sababu tone la sabuni likibaki linaharibu kipimo cha mama fulani. Mwezi wa saba Barasa alinitoa damu ya pili, tukiwa tumefunga mlango, wenzetu wakila mayai ambayo sasa sikuruhusiwa. Mwezi wa nane ya tatu. Baada ya hapo nikaacha kuhesabu Jumapili, nikawa nahesabu Jumatatu hizo tu. Barasa alikataa katakata kunipimia zile za katikati, ingawa nilimsihi. "Zitakaa zote zikutane siku moja," alisema. "Ukijua mapema utaanza kuona unachotaka kuona." Miezi sita sikujua damu yangu inasema nini. Nikiri kwamba kuna usiku niliogopa. Nilijiuliza kama mtu anaweza kufanya jambo asilikumbuke.

Mwezi wa kumi mama yangu alikuja na mfuko wa mbaazi na kuku aliyefungwa miguu. Alikaa jikoni kwa Roda, tukamenya mbaazi watatu, na nikamwuliza kwa Kikamba, macho nikiyaelekeza kwenye bakuli, "Mwaitu, mama yangu, hili kovu ni la moto kweli?" Mikono yake ilisimama. Roda akainua uso.

"Ni vidonda," akasema. "Ulikuwa hujaanza shule. Ulijaa vidonda, ukatembea kwa visigino. Wakaja watu wa sindano, ukapona ndani ya wiki."

"Mbona ulisema moto?"

"Waliopata vile vidonda hawakuchumbiwa upesi. Watu walisema nyumba ni chafu." Akarudia kumenya, kwa kasi. "Ungeniuliza ukiwa mkubwa ningekwambia. Hukuuliza."

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa amenificha ili nisiaibike, na sasa siri yake ndiyo iliyokuwa ikiniaibisha. Nilimweleza yote, kazi, chupa, Daktari, kwa sauti ya chini. Hakulia. Aliuliza tu Daktari anakaa wapi, aende akamwambie yeye mwenyewe, na ilinichukua mpaka kuku akaiva kumshawishi kwamba Daktari hataki maneno ya mama, anataka vioo.

Jumatatu ya mwezi wa kumi na mbili Barasa alibisha kwa Daktari akamweleza. Nilisikia kupitia ukuta kiti kikisogezwa. Lazima niseme haki ya Daktari: hakukataa. Alisema tu kwamba yeye mwenyewe atabandika namba, asijue mtu mwingine ipi ni ipi, na kwamba ataongeza chupa mbili za mgonjwa wa kaswende, moja ya kabla ya kutibiwa na moja ya miezi sita baadaye. "Na nani nasoma?" akauliza. Barasa akasema, "Yeye mwenyewe. Hapa hakuna jicho kama lake." Basi nikanawa mikono kuondoa sabuni ya chupa, nikarudi mezani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa sita. Chupa tisa. Nilizipasha moto, nikazimua kila moja, nusu, nusu ya nusu, nusu ya hiyo, na kuendelea. Mikono ilikuwa imeosha chupa miezi sita, ilijua kioo. Odera aliacha kazi yake akaja kusimama nyuma, akafukuzwa kwa jicho tu la Barasa. Nilitikisa dakika nne, nikatazama, nikasema kwa sauti, na Daktari akaandika. Namba moja, mpaka mara nne. Namba mbili, mara nne. Namba tatu, mara thelathini na mbili. Namba nne, mara nne. Namba tano, mara nne. Namba sita, mara mbili. Saba, nane, tisa: mara nne, mara nne, mara nne.

Daktari aliweka jicho lake kwenye hadubini baada yangu, kioo kwa kioo, bila haraka. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akaifunua. Ya tatu na ya sita zilikuwa za mgonjwa wake, zilizoshuka kama alivyotarajia. Saba zilizobaki zilikuwa mimi, tangu mwezi wa sita hadi wa kumi na mbili, na sindano zote katikati, na hazikusogea hata hatua moja. Alikunja karatasi. "Kesho wewe narudi kwa meza," alisema. "Mtihani nafanya." Pole hakusema. Barasa alivua miwani, akaipangusa kwa koti, na nikaona kwamba alikuwa anacheka. Nilienda chumba cha chupa nikafunga mlango nikalia mpaka shingo ikauma, kisha nikaosha uso kwenye sinki ya saruji.

Jioni ile Barasa aliniambia niandike majibu yangu kwenye daftari kubwa kwa mkono wangu, na nikataka kuona yale ya mwezi wa sita yaliandikwaje. Nikafungua nyuma, nikapita, nikafungua zaidi. Hapo ndipo nilipowaona. Mutheu, wa Kitui. Syombua, wa Mwingi. Kavata. Mbithe. Kina mama wajawazito kutoka kwetu, ukurasa kwa ukurasa, wengi wao wakiitika mara mbili, mara nne, chini chini tu, kama mimi. Mbele ya kila jina alama ya kujumlisha, na kando yake neno kaswende. Ni mara ngapi nilikuwa nimewaona nikafikiri, hawa wenzetu nao! Nilikuwa nimeyaandika kwa miezi kumi nikiwa nimenyooka mgongo, nikijivunia jicho langu. Kila mmoja alipelekewa fomu, na fomu ile mara nyingi ilisomwa na mume kwanza.

Nilimwomba Daktari abadilishe maneno ya fomu. Akakataa, fomu zilipigwa chapa na serikali. Kwa hiyo kuanzia kesho yake niliandika chini ya kila jibu la namna ile, kwa wino: "Huenda ni buba ya utotoni. Mwulizeni kwa upole." Alinikataza mara mbili. Mara ya tatu Barasa alichukua kalamu akaandika mwenyewe, akamwekea Daktari mezani. Nimeiandika sentensi hiyo miaka ishirini na tisa, hata nilipokuwa mkuu wa maabara na wino ukawa wangu. Lakini fomu nilizotuma kabla ya siku ile sikuweza kuzirudisha. Zilikuwa zimeshafika nyumbani kwa watu, na mwandiko ulikuwa wangu.